Kruzi Ikikataa Kushika, Anza na Taa ya Breki



Barabara itokayo bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi na kuingia Uganda kwa Malaba au Busia, huendelea hadi Kampala, Mbarara na Kabale, kisha huvuka Katuna kuelekea Kigali. Nyingine hupanda kutoka Tanzania kupitia Mutukula na kukutana nayo Masaka. Juu ya barabara hizi hupita malori ya makontena, mabasi ya usiku, ng'ombe waendao mnadani, watoto waendao shule, na pia pikipiki kubwa za safari ndefu, zenye masanduku ubavuni na kioo kipana mbele. Pikipiki hizo huharibika kama chombo kingine chochote. Zikiharibika, mwenyewe hana njia ya haraka ya kumfikia muuzaji aliyeko mji mwingine au nchi nyingine. Humwendea fundi wa karibu, ambaye mara nyingi ni yule yule anayetutengenezea bodaboda.

Miongoni mwa kasoro anazoweza kuletewa fundi huyo ni hii: kruzi imekataa kushika. Kwa mtazamo wa haraka ni kasoro ndogo, kwa kuwa pikipiki inawaka, inakwenda na inasimama. Lakini njia ya mkato ya kuiondoa yaweza kumuua mwendeshaji, na pamoja naye mtembea kwa miguu asiyejua hata kruzi ni kitu gani. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza katika toleo hili jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, namna ya kutafuta kasoro yake kwa utaratibu, na jambo moja lisilopasa kufanywa kamwe.

KRUZI NI NINI

Kruzi ni kifaa kinachoshika mwendo aliouchagua mwendeshaji, ili mkono wake wa kulia upumzike katika safari ya saa nyingi. Tusikichanganye na kidhibiti mwendo kinachofungwa katika mabasi. Kidhibiti mwendo humzuia dereva asizidi kiwango kilichowekwa. Kruzi haimzuii mtu, bali humshikia mafuta pale alipoyaacha. Mwendeshaji akichagua kilomita 70 kwa saa, nayo hujitahidi kuutunza mwendo huo kwenye tambarare na mlimani, mpaka itakapoambiwa iache.

Mbunifu wake alikuwa Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto wa miaka 5. Alipewa hataza ya kifaa chake mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yaliyofungwa kifaa hicho. Baadaye kikahamia pia katika pikipiki kubwa.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Kihisi hupima mwendo wa pikipiki na kuupeleka katika kompyuta ndogo. Kompyuta hulinganisha mwendo huo na ule uliochaguliwa. Ukipungua, huongeza mafuta; ukizidi, huyapunguza. Tofauti kati ya pikipiki moja na nyingine iko katika kile kinachovuta mafuta hayo. Katika pikipiki za zamani, kama Honda Gold Wing GL1500 iliyotengenezwa kati ya 1988 na 2000, kinachovuta ni nguvu ya ombwe linalotoka kwenye injini kupitia mipira myembamba. Katika Gold Wing GL1800 zilizotangulia toleo la 2018, kinachovuta ni mota ya umeme iliyofungwa kebo. Katika pikipiki mpya zaidi, zikiwamo Harley-Davidson za safari ndefu za kuanzia 2008 na Gold Wing za kuanzia 2018, hakuna kebo kutoka mkononi hadi kwenye injini; kompyuta ndiyo inayofungua na kufunga mafuta kwa njia ya umeme. Fundi anapaswa kujua ni aina ipi iliyo mbele yake kabla hajashika spana.

IMEUNDWA ILI IACHE UPESI

Ili kuielewa kruzi inayokataa, yafaa kwanza kufahamu kuwa watengenezaji wake waliogopa jambo moja kuliko yote, nalo ni pikipiki kuendelea kuvutwa na injini wakati mwendeshaji anataka kusimama. Kwa hiyo waliipa njia nyingi za kuachia. Huachia mwendeshaji akigusa breki ya mbele. Huachia akikanyaga breki ya nyuma. Huachia akishika klachi. Katika pikipiki nyingi huachia pia akizungusha mpini wa mafuta kwa nguvu kuelekea upande wa kufunga. Mwisho, huachia akibonyeza swichi yake yenyewe.

Katika kila njia kati ya hizo pana swichi ndogo yenye nyaya zake. Swichi moja tu ikituma ishara kuwa breki imeguswa, hata kama hakuna aliyeigusa, kruzi itaamini na kuachia. Inafanana na mlinzi mwaminifu wa usiku, ambaye akishuku jambo hupiga filimbi kwanza na kuuliza baadaye. Hivyo kruzi inapokataa kushika, mara nyingi yenyewe ni nzima. Inachofanya ni kutueleza kuwa mahali fulani pana swichi isiyosema kweli, na swichi hiyo yaweza kuwa ya breki.

KUTAFUTA KASORO KWA UTARATIBU

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, mwendeshaji aulizwe maswali machache. Je, taa ya kruzi haiwaki kabisa? Je, inawaka lakini mwendo haushikwi? Je, unashikwa kisha unaachiwa pikipiki inapopita kwenye tuta au shimo? Je, unashikwa lakini pikipiki huvuta na kulegea, huvuta na kulegea? Kila jibu huelekeza mahali pake.

Hatua ya kwanza ni taa ya breki. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare na ufunguo uwashwe. Mtu mmoja asimame nyuma akitazama taa. Kabla breki haijaguswa, taa ya breki isiwe imewaka. Mwendeshaji aguse breki ya mbele taratibu; taa iwake. Aiachie, taa izime mara moja. Afanye vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Kisha autikise mkono wa breki kidogo bila kuuvuta, na kugonga pedali kwa kidole. Taa ikimetameta, chanzo cha kruzi kuachia kwenye matuta huenda kimepatikana, bila kutumia hata bisibisi.

Sababu za swichi kusema uongo ni nyingi, na nyingi zinatokana na mazingira yetu. Vumbi jekundu la barabara za changarawe huingia ndani ya swichi, na mvua ikilifuata hugeuka kuwa tope linalokauka humo. Swichi ya breki ya nyuma, iliyo karibu na pedali, ndiyo inayorushiwa uchafu zaidi. Maji ya kuoshea pikipiki kwa mgandamizo mkubwa husukumwa hadi kwenye viungio vya nyaya. Pikipiki ikiwahi kuanguka, mkono wa breki unaweza kupinda kidogo usirudi hadi mwisho wake. Wakati mwingine chanzo ni mwendeshaji mwenyewe, aliyezoea kulaza kidole juu ya breki au kuegesha mguu juu ya pedali. Tiba ya mengi ya haya ni kusafisha, kukausha, kulainisha egemeo la mkono wa breki, kurekebisha kimo cha swichi, au kuweka swichi mpya.

Zitazamwe pia balbu zenyewe. Katika baadhi ya vyombo, kompyuta ya kruzi hutumia mkondo wa taa ya breki kutambua kuwa mambo ni shwari. Balbu zote zikiungua, au zikibadilishwa na kuwekwa za LED zisizokusudiwa kwa chombo hicho, kruzi huweza kukataa. Ikiwa kasoro ilianza baada ya kubadilisha balbu, basi balbu ndizo zichunguzwe kwanza.

Hatua ya pili ni klachi. Swichi yake ni ndogo na haina taa ya kuonekana nyuma, kwa hiyo hupimwa kwa mita ya umeme. Sindano au tarakimu za mita zibadilike mkono wa klachi unapovutwa, na zirudi unapoachiwa. Mkono wa klachi uliolegea na kucheza huweza kuigusa swichi hiyo kila pikipiki inaporuka.

Hatua ya tatu ni umeme. Taa ya kruzi isipowaka kabisa, tuanze na fyuzi, kisha swichi ya mpini, kisha viungio vya nyaya na hali ya betri. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye kiwango kile kile kilichoandikwa juu yake. Ikiungua tena, pana waya uliochubuka mahali fulani, nao utafutwe. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kualika moto ndani ya chombo kilichobeba petroli.

Hatua ya nne ni masharti ya kifaa chenyewe. Kruzi haikubali mwendo wowote tu. Pikipiki nyingi huitaka ifike takriban kilomita 50 kwa saa, nyingine chini au juu kidogo ya hapo, na nyingine hudai gia fulani. Kitabu cha mwenye pikipiki hueleza masharti hayo, na ni vema kukisoma kabla ya kufungua chombo kisicho na kasoro.

Hatua ya tano ni kihisi mwendo. Iwapo spidomita nayo inarukaruka au imelala, kompyuta haijui pikipiki inakwenda kasi gani, na haiwezi kushika mwendo isioujua. Katika pikipiki nyingi mpya, habari ya mwendo hutoka kwenye vihisi vya magurudumu vya mfumo wa breki za ABS. Taa ya ABS ikibaki imewaka, kruzi pia huweza kukataa. Basi kihisi kisafishwe, waya wake ukaguliwe kama haukukatwa na jiwe, na nafasi yake ipimwe.

Hatua ya sita ni kebo na mipira. Pikipiki inayovuta na kulegea huenda ina kebo iliyolegea kupita kiasi. Ile ya ombwe huenda ina mpira uliopasuka kwa jua, hewa ikavuja. Tukumbuke pia kuwa kifaa cha ombwe hutegemea mgandamizo wa hewa, na hewa ya nyanda za juu kama Kabale ni nyepesi. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kushika vizuri kando ya Ziwa Victoria na kulegea kwenye milima, bila kuwa mbovu.

JAMBO LISILOPASA KUFANYWA

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Fundi amegundua kuwa swichi ya breki imekwama na kipuri hakipatikani karibu. Mwenye pikipiki ana haraka ya kuvuka mpaka kabla ya jioni. Njia ya mkato ni kuuchomoa waya wa swichi hiyo, au kuziunganisha nyaya za swichi ya klachi moja kwa moja, ili kruzi isisikie tena ile ishara inayoikatisha. Kazi huchukua dakika chache, kruzi hushika, mteja hufurahi na hulipa.

Tuangalie alichouziwa. Swichi ya breki ikichomolewa, taa ya breki haitawaka kwa breki hiyo. Dereva wa lori anayemfuata hataona onyo lolote pikipiki ikipunguza mwendo. Zaidi ya hayo, mtoto akitokea ghafla na mwendeshaji akashika breki, kruzi haitapata habari hiyo kwa njia ya kawaida. Breki itakuwa inazuia, na injini bado inasukuma. Pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu tu ya mwendeshaji kutaharuki na kutafuta swichi ya kuzima ni zaidi ya mita 30, umbali unaotosha kuvuka kivuko cha shule na kupita ng'ambo yake.

Kwa hiyo rai yetu kwa mafundi wote ni moja. Swichi mbovu isipopatikana, kruzi izimwe na ibaki imezimwa, lakini taa ya breki ifanye kazi. Pikipiki husafiri salama bila kruzi. Kabla ya Teetor watu walifika. Haisafiri salama bila taa ya breki. Fundi amwambie mteja wake waziwazi, na ikiwezekana amwandikie kwenye risiti, kuwa kifaa kimeachwa kimezimwa hadi kipuri kitakapopatikana.

Jambo hili linawahusu pia waendesha bodaboda, ingawa pikipiki zao hazina kruzi. Sisi wa mipakani tunajua kuwa jina la bodaboda lilizaliwa Busia, pale waendesha baiskeli walipovusha abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Swichi ya breki iliyo kwenye bodaboda ni ndugu wa ile ya pikipiki kubwa. Kipimo cha hatua ya kwanza kinafaa kwa zote mbili, hakigharimu chochote, na kinaweza kufanywa kila alfajiri kabla ya abiria wa kwanza.

KRUZI IKIKATAA KUACHIA

Kasoro ya kukataa kushika husumbua, lakini ya kukataa kuachia huua. Vivyo hivyo kwa bodaboda ambayo kebo yake ya mafuta imekwama. Mwendeshaji ajizoeze hatua hizi akiwa amesimama, ili mkono uzijue kabla ya siku ya hatari.

Ashike breki zote mbili kwa uthabiti na avute klachi. Injini italia kwa nguvu. Asiogope mlio huo, kwa kuwa haisukumi tena gurudumu. Papo hapo abonyeze swichi nyekundu ya kuzima injini iliyo kwenye mpini wa kulia. Kwenye pikipiki zisizo na mkono wa klachi, swichi hiyo nyekundu ndiyo kimbilio la kwanza. Asikimbilie ufunguo, kwa kuwa atauacha usukani kwa mkono mmoja, na katika pikipiki nyingi ufunguo huo ndio pia unaofunga usukani. Baada ya injini kuzima, aelekee pembeni na kusimama nje kabisa ya njia ya magari. Pikipiki hiyo isiendeshwe tena mpaka chanzo kijulikane, hata kama imewaka vizuri.

Baada ya matengenezo yoyote ya kruzi, ijaribiwe kwenye barabara iliyo wazi isiyo na watu, kwa mwendo mdogo unaokubaliwa na kifaa. Kila njia ya kuachia ijaribiwe peke yake: breki ya mbele, breki ya nyuma, klachi, mpini wa mafuta ikiwa pikipiki ina njia hiyo, na swichi. Ikishindwa hata moja, kazi haijakamilika.

MAHALI AMBAPO KRUZI IZIMWE

Hata kruzi nzima ina mahali pake. Haifai mjini, kwenye magulio, karibu na shule, kwenye kona za milima, kwenye changarawe wala kwenye lami iliyolowa. Gurudumu likiteleza, kruzi inaweza kuendelea kudai mwendo wakati tairi halina mshiko.

Mpakani pana sababu ya ziada. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Anayevuka Katuna, Mpondwe au Elegu hubadilisha upande, na akili ya mtu huchukua muda kuzoea. Kruzi izimwe kabla ya kufika mpakani, na isiwashwe mpaka mwendeshaji awe ameuzoea upande mpya. Mkono unaofanya kazi huiweka akili macho.

WITO WETU

Kwa mafundi: jengeni jina la kuwa watu wanaomwambia mteja ukweli, hata pale ukweli unapomchelewesha. Kwa waendesha pikipiki, wenyeji na wageni: msimshurutishe fundi kufanya njia ya mkato kwa ahadi ya fedha. Kwa wananchi wanaoishi kando ya barabara: mgeni akisimama na pikipiki mbovu, msaidieni kuisogeza nje ya njia, wekeni alama inayoonekana mbali, na wazuieni watoto wasikusanyike upande wa magari. Jioni ikiingia, asiachwe peke yake gizani.

Kukitokea ajali ndani ya Uganda, pigeni simu ya polisi namba 999 au 112, au toeni taarifa katika kituo kilicho karibu. Tajeni mahali hasa, idadi ya majeruhi, na kama njia imezibwa. Askari wa usalama barabarani wako tayari pia kumshauri fundi au mwendeshaji yeyote atakayefika kituoni na swali. Kuuliza si kosa, na anayeuliza kabla ya kuondoka ametusaidia sote.

Leo jioni, kabla ya kuifungia pikipiki yako ndani, mwite mtoto au jirani asimame nyuma yake. Gusa breki ya mbele, kisha ya nyuma, umuulize kama ameiona taa.